Jogoo Mwenye Mkia wa Mita Kumi



Kila mmoja wetu anamjua jogoo. Ndiye saa yetu ya alfajiri. Tunazijua rangi zake, tunaujua mwendo wake wa maringo, na tunaujua mkia wake uliopinda kama mundu. Tukichukua futi kamba tukaupima mkia wa jogoo wa kawaida, unyoya ulio mrefu kabisa haufiki nusu mita.

Je, tukikuambia kwamba yuko jogoo ambaye unyoya wa mkia wake ulipimwa ukawa na urefu wa mita 10 na sentimita 60, utasemaje? Huenda utasema, "Hizo ni hadithi za sungura na fisi." Lakini hii si hadithi. Kipimo hicho kilichukuliwa mwaka 1972 huko Japani, nacho kimeandikwa katika vitabu vya rekodi za dunia. Hebu walaze chini watu wazima sita, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Unyoya ule bado unawapita.

Katika makala hii tutaeleza kuku hawa ni wa wapi, mkia wao unakuaje, na wenyewe wanawatunza namna gani. Mwishoni tutaona jambo ambalo hata sisi wenye kuku wa kienyeji tunaweza kulifanya kwa gharama ndogo sana.

KUKU WA TOSA

Japani ni nchi ya visiwa. Iko mbali, mashariki ya bara la Asia. Visiwa vyake vikubwa ni vinne, na kilicho kidogo kati ya hivyo vinne kinaitwa Shikoku. Upande wa kusini wa Shikoku, unaotazamana na bahari ya Pasifiki, kuna mkoa uitwao Kochi. Zamani sehemu hiyo iliitwa Tosa. Ni mahali penye joto na mvua nyingi. Mji wa Nankoku, ulio katika mkoa huo, ndio unaojulikana kuwa chimbuko la kuku hawa.

Wajapani huwaita kuku hawa onagadori. Maana yake ni ndege mwenye mkia mrefu.

Kwa nini watu wa Tosa waliutaka mkia mrefu? Sababu yake inatokana na utawala wa zamani. Tangu mwaka 1601 mpaka mwaka 1871, Tosa ilitawaliwa na watemi wa ukoo wa Yamauchi. Zamani hizo mtawala mkuu wa Japani aliwalazimisha watemi wote kwenda kwa zamu kukaa katika mji wake wa Edo. Mji huo sasa unaitwa Tokyo. Mtemi hakwenda peke yake. Alisafiri na msafara mrefu wa askari, wapagazi na wabeba mikuki, na kila mtemi alitaka msafara wake upendeze kuliko wa mwenziwe. Watu wa Tosa waliipamba mikuki ya mtemi wao kwa manyoya marefu ya jogoo.

Basi, mkulima aliyekuwa na jogoo mwenye manyoya marefu alikuwa na kitu cha thamani. Jogoo yule hakuchinjwa. Alitunzwa, akapewa majike, na vifaranga wake wakaangaliwa. Katika vifaranga hao, aliyepita wenzake kwa mkia ndiye aliyebakizwa kuwa baba. Baba akampa mwanawe kazi hiyo, na mwana akampa mjukuu. Hivyo ndivyo kuku wa Tosa walivyopatikana, kidogo kidogo, katika muda wa miaka mingi sana.

UNYOYA UNAKUAJE?

Ili tuielewe ajabu hii, kwanza tuuelewe unyoya wenyewe.

Unyoya huota kutoka katika kitundu kidogo kilicho kwenye ngozi ya kuku. Unapokua, ndani ya shina lake mna damu. Damu hiyo ndiyo inayoulisha. Ukimnyonyoa kuku unyoya mchanga, utaona damu inatoka. Unyoya ukikomaa, damu hukauka na shina huwa tupu. Kuanzia hapo unyoya hauna uhai, kama ukucha uliokwisha kuota.

Kuku wa kawaida hupukutisha manyoya yake kila mwaka. Ya zamani huanguka na mapya huota. Wewe mwenyewe umewaona kuku wako wakiwa wamepauka, wanatembea kama wamevaa nguo zilizochanika. Si lazima wawe wagonjwa. Pengine wanabadilisha manyoya.

Jogoo wa onagadori naye hubadilisha manyoya ya mwili wake. Lakini baadhi ya manyoya ya mkia na ya kiunoni hayaanguki. Damu haikauki ndani yake. Yanaendelea kukua mwaka hadi mwaka, maadamu jogoo yu hai na ana afya. Hali hiyo haitokani na dawa, wala hirizi, wala chakula cha siri. Ni asili aliyoirithi kwa wazazi wake.

Jike la onagadori halina mkia wa namna hiyo. Lakini asili hiyo imo ndani ya damu yake, naye huwapa watoto wake. Ndiyo maana wafugaji wa Kochi hawamwangalii jogoo peke yake. Huuliza pia: mama ya jogoo huyu ni nani? Baba yake huyo mama alikuwaje?

HESABU YA MKIA

Sasa tupige hesabu kidogo. Mkia wa onagadori anayetunzwa vizuri hukua karibu mita 1 kwa mwaka, au pungufu kidogo. Mwaka una siku 365. Basi kwa siku moja mkia hukua kiasi cha milimita 2 mpaka 3. Milimita 2 ni kidogo sana, ni kama unene wa shilingi. Lakini shilingi juu ya shilingi hujaza kibubu.

Mkia wa mita 10 unahitaji miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyo yote, jogoo asiugue sana, asikose chakula, na mkia wake usikatike. Ukikatika leo, kazi ya miaka imepotea.

Liko jambo jingine la ajabu. Kuku akishinda na njaa, akiugua au akipata hofu kubwa, unyoya unaokua siku hiyo huota dhaifu. Huonekana kama mstari mwembamba uliokatiza unyoya. Mstari huo haufutiki, na mahali hapo ndipo unyoya unapokatika upesi.

Kwa hiyo unyoya ni kama daftari. Mfugaji anaweza kusahau, lakini unyoya hausahau. Tuseme mfugaji ameona mstari dhaifu sentimita 22 kutoka kwenye ngozi ya jogoo. Kama mkia huo unakua milimita 2 na nusu kwa siku, basi jogoo alipata taabu kiasi cha miezi mitatu iliyopita. Mfugaji atajiuliza: siku zile kulitokea nini? Nani alikuwa zamu ya kulisha?

MATUNZO YAKE

Watu wanaofuga kuku wenye mikia mirefu, Japani na katika nchi nyingine, hufuata mambo haya:

1. Chakula. Unyoya karibu wote umetengenezwa kwa protini, yaani kile kinachotokana na vyakula vya kujenga mwili. Kuku akilishwa pumba tupu, mkia hauna cha kujengewa. Huko Japani hupewa mchele ambao haujakobolewa sana, samaki na mboga za majani. Chakula hutolewa kila siku kwa saa zake. Maji safi hayakosekani.

2. Mahali pa kusimama. Fito ya kusimamia huwekwa juu, ili mkia uning'inie bila kugusa chini. Fito isiwe na ncha wala miiba. Hufungwa majani makavu ili miguu isiumie.

3. Ukavu. Tope na kinyesi ni adui wa manyoya. Sakafu ya banda hutandikwa majani makavu, na yakilowa hubadilishwa.

4. Wadudu. Chawa wa kuku hula manyoya. Utitiri hujificha katika nyufa za mbao mchana, na usiku hutoka kunyonya damu. Kwa hiyo mfugaji hutazama chini ya mkia, chini ya mabawa na katika nyufa za fito. Hangoji mpaka kuku aanze kujikuna.

5. Kuoga. Kabla ya maonyesho, manyoya marefu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha husuuzwa mpaka sabuni yote iishe. Mkono hupitishwa kuelekea chini, kama unyoya ulivyoota. Hausugui juu na chini kama mtu anayefua shuka. Sehemu iliyo karibu na ngozi, yenye damu, huguswa kwa uangalifu sana. Kuku hukaushwa mahali pasipo na baridi wala upepo.

6. Upole. Kuku hawa hufugwa wakiwa wamezoea mikono ya watu tangu wangali vifaranga. Jogoo mwenye hofu hurukaruka, na akirukaruka mkia hukatika. Majogoo wawili hawawekwi pamoja, kwa maana watapigana.

Ukiyatazama vizuri mambo hayo sita, utaona kwamba hakuna hata moja linalohitaji uchawi. Kila moja ni kazi ya mikono. Ugumu wake ni kwamba kazi hiyo haina sikukuu.

SANDUKU, NA BEI ANAYOLIPA JOGOO

Lakini tusiseme mazuri tu. Kila jambo lina upande wa pili.

Ili kuupata mkia wa mita nyingi, wafugaji wa Kochi walibuni sanduku la mbao liitwalo tomebako. Ni jembamba na limesimama wima kama kabati. Jogoo husimama juu ya fito ndani yake, chakula na maji viko mbele ya mdomo wake. Nafasi ni ndogo, makusudi asiweze kugeuka na kuukanyaga mkia. Mkia wenyewe hutolewa nyuma, ukaning'inizwa au ukakunjwa taratibu na kutundikwa. Baada ya siku kadhaa jogoo huteremshwa, akatembezwa uani kwa muda mfupi, na mtu humfuata nyuma akiwa ameubeba mkia, kama msaidizi wa bibi arusi. Kisha hurudishwa.

Maisha hayo yanaweza kuchukua miaka. Kuku kwa asili yake ni mnyama wa kuparura. Anapenda kuchakura, kuoga vumbi, kukimbiza panzi na kuota jua. Jogoo aliye sandukuni hayapati hayo, isipokuwa kwa dakika chache.

Je, ni haki? Watu wanabishana. Wako wanaosema kwamba jogoo huyo analishwa vizuri kuliko kuku wengine wote, hakuna mwewe wala kicheche wa kumdhuru, na bila sanduku sanaa hiyo itakufa. Wako wanaosema kwamba uzuri unaopatikana kwa kumfunga kiumbe ni uzuri wa kuhuzunisha. Wafugaji wengi wa nchi nyingine hawatumii sanduku. Hutumia banda pana, lenye fito ya juu na sakafu kavu, na huridhika na mkia mfupi zaidi.

Sisi tunaona kwamba swali hilo ni la kweli, na kila mfugaji analo, hata asiye na kuku wa mapambo. Kuku aliyefungwa miguu akaning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli mpaka mnadani, naye analipa bei. Anayeishi kwa mnyama hana budi kujiuliza anachukua nini, na anamrudishia nini.

WAMEBAKI WACHACHE

Serikali ya Japani iliwaweka kuku hawa katika ulinzi wa sheria mwaka 1923, wakiwa urithi wa taifa. Mwaka 1952 ikawapandisha daraja, wakawa katika urithi wa pekee kabisa. Haruhusiwi mtu kuwatoa nje ya nchi kama apendavyo.

Hata hivyo, sheria haiwezi kulisha kuku. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kilikuwa haba, na kuku hawa walipungua sana. Mtu mwenye njaa hawezi kumlisha jogoo samaki ili apate mkia. Na siku hizi tatizo ni lingine. Wanaojua kazi hii ni wachache, na wengi wao ni wazee. Kijana akifikiria miaka kumi ya kuamka kila alfajiri kwa ajili ya jogoo mmoja, huona afadhali kazi ya mjini.

Kuku wakiwa wachache kuna hatari nyingine. Ndugu huzaa na ndugu, na hapo asili hudhoofika. Mayai mengi hayaangui, na vifaranga wengi hufa.

Katika karne ya 19 baadhi ya kuku wa Japani wenye mikia mirefu walipelekwa Ulaya kwa meli. Huko walichanganywa na kuku wa kule. Kwa njia hiyo, Ujerumani ikapata kuku waitwao Phoenix, na wengine waitwao Yokohama, kwa jina la bandari walikopakiwa. Ni kuku wazuri, nao wamesambaa mpaka Marekani. Lakini kwa kuwa damu imechanganyika, wengi wao hupukutisha mikia kama kuku wa kawaida, na mikia yao haiwafikii wale wa Kochi.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Huenda msomaji anasema, "Mkia wa mita kumi wa nini? Mkia hauliwi." Ni kweli. Hatumwambii mtu yeyote aanze kufuga mikia.

Lakini kuku wa Tosa na kuku wa uani kwako ni ukoo mmoja. Kuku wote wa nyumbani duniani asili yao ni kuku wa porini wa Asia. Watu wa Tosa walitaka mkia, wakachagua mkia, wakapata mkia. Je, sisi tunachagua nini?

Tuseme kweli. Mgeni wa heshima akija, tunamkamata jogoo yupi? Tunamkamata yule mkubwa, mwenye kifua. Siku ya mnada ikifika, tunauza nani? Tunauza yule yule mkubwa, kwa sababu ana bei. Anayebaki na majike ni kijogoo dhaifu ambaye hakuna mtu aliyemtaka. Huyo ndiye baba wa vifaranga wa mwaka ujao. Tukifanya hivyo mwaka huu, na mwaka kesho, na mwaka kesho kutwa, nasi tumechagua. Tumechagua udhaifu, bila kujua.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, tumchague jogoo wa mbegu akiwa bado kijana. Awe mwenye mwili mkubwa, macho maangavu, miguu iliyonyooka, na awe mtoto wa koo anayetaga vizuri na kulea vifaranga wake. Tumfunge kitambaa mguuni. Kila mtu nyumbani ajue: huyu hachinjwi, hauzwi.

Pili, tuandike. Daftari la kurasa chache linatosha. Tuandike tarehe ya kuangua, jina la koo, mayai aliyoatamia, vifaranga walioanguliwa na waliobaki hai. Aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani anayo silaha ambayo wafugaji wengi wa zamani hawakuwa nayo. Kichwa husahau, daftari halisahau.

Tatu, tusimwache jogoo mmoja azae na mabinti zake. Akikaa mwaka mmoja hivi na watoto wake wakaanza kutaga, tubadilishane na jirani wa mbali, mradi kuku wa pande zote mbili wawe wazima.

Nne, tusisahau kideri. Uchaguzi wa miaka mitatu unaweza kumalizwa na kideri katika juma moja. Iko chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanakijiji wakishirikiana kuinunua, gharama ya kila kuku ni ndogo. Mwone mtaalamu wa mifugo aliye karibu nawe.

Mkulima wa Tosa aliyemchagua jogoo wa kwanza hakuuona mkia wa mita kumi. Alikufa zamani sana kabla yake. Yeye alifanya sehemu yake, akamwachia mwanawe jogoo aliye bora kidogo kuliko yule aliyempata kwa baba yake. Kidogo hicho ndicho kilichozaa ajabu inayosimuliwa mpaka leo. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkia wa onagadori hauachi kukua kama wa jogoo wa kawaida?

2. Mkia ukikua milimita 3 kwa siku, utakua sentimita ngapi katika siku 100?

3. Je, ni haki kumweka jogoo sandukuni kwa ajili ya mkia wake? Kila mmoja aeleze sababu zake.

4. Katika kijiji chetu, jogoo gani huchinjwa kwanza? Nani huamua, baba au mama? Tunaweza kubadilisha nini?

MAANA YA MANENO

Chimbuko: mahali kitu kilipoanzia.
Jogoo wa mbegu: jogoo anayetunzwa ili awe baba wa vifaranga.
Koo: kuku jike anayetaga na kulea.
Kupukutisha: kuangusha manyoya au majani.
Utitiri: wadudu wadogo sana wanaonyonya damu ya kuku.